Nyumba inukie, paka aumie?

Jioni hapa Luvungi, katika bonde la Ruzizi huku Kivu Kusini, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mtu mwenye pua nzima angeweza kuipita barabara kuu ya Uvira kwenda Kamanyola akiwa amefumba macho, kama malori yangemruhusu, na bado akajua yuko mbele ya mlango wa nani. Kwa huyu unatoka moshi wa dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya kuzunguka. Kwa jirani yake majani ya mkaratusi yametupwa juu ya makaa. Nyumba ya tatu wamepuliza dawa ya kopo yenye harufu ya limau. Ya nne wamepata mgeni kutoka Bukavu, basi vijiti vya udi vinawaka sebuleni na mapazia yamenyunyiziwa marashi. Kisha milango inafungwa. Ila kabla ya komeo kutiwa, kuna msafara mwingine unaovuka kizingiti: kuku mmoja mmoja, mbuzi wawili wanaovutwa kwa kamba, na paka nyuma yao kama msimamizi. Dende, wale wanyama wadogo, wako ndani tangu asubuhi, wamejibanza pembeni mwa jiko.

Wote hao watailalia harufu ile mpaka kuche.

Niseme ninaposimama mapema, ili anayetaka kugombana nami asisubiri mwisho wa ukurasa. Nyumba inayofunga wanyama ndani usiku isiwashe wala isipulize kitu baada ya mlango kufungwa, kiwe udi, marashi, dawa ya mbu au majani ya mti wa babu. Na naftalini isiingie humo kabisa, hata mchana. Najua nitaambiwa kwamba paka ni paka, kwamba nimekosa la kuandika, na kwamba mbu wa bonde la Ruzizi hawana mzaha. La mbu ni kweli, na nitalifikia.

Mbuzi anatafuta nini sebuleni?

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ataniuliza hivyo. Anatafuta usalama, ndugu yangu, sawa na sisi. Tangu Oktoba 1996, hospitali ya Lemera kwenye milima iliyo juu yetu iliposhambuliwa, bonde hili limepitiwa na watu wenye bunduki wa kila jina, na wengi wao wakiingia kijijini huanzia zizini. Ng'ombe huondoka kwanza, mbuzi hufuata, kuku hubebwa kichwa chini. Ukija utulivu, mwizi wa kawaida anapokea zamu. Nani mwenye akili atamwacha mbuzi wa ada ya shule alale nje?

Ndiyo maana dende amependwa sana Kivu Kusini. Mnyama huyu asiye na mkia, ambaye wengine humwita simbilisi, asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, lakini siku hizi ni mwenyeji wa jikoni zetu. Anakula majani na maganda, anazaa haraka, anafugwa na akina mama na watoto, na hawiki alfajiri kumwita mporaji. Watafiti wa mifugo waliokuja Kivu waliandika jambo ambalo kila mama wa hapa alikuwa analijua: dende ni mfugo unaofichika. Anauzwa likanunuliwa daftari, mwingine anachinjwa wikendi, na mbolea yake inakwenda kwenye mchicha.

Lakini kulala na mifugo kuna gharama, nayo ni harufu. Beberu ananuka, hilo halihitaji utafiti. Mkojo wa mbuzi na wa dende, pamoja na kinyesi cha kuku kilicholowa, vinatoa amonia, ile hewa inayochoma macho ukifungua mlango asubuhi. Mama mwenye nyumba anajua wakwe watakuja, mchungaji atakuja, mwalimu wa mtoto atakuja, na wote wana pua. Aibu ya harufu ni kubwa kuliko aibu ya njaa, maana njaa unaweza kuificha kwa kicheko. Basi anakwenda sokoni. Na soko, ambalo halijawahi kukosa jawabu la aibu ya mtu, linamuuzia waridi ndani ya kopo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Waridi juu ya amonia haliondoi amonia. Linaondoa aibu tu, na kwa saa mbili. Baada ya hapo mnavuta vyote viwili, ninyi na kuku wenu. Na amonia yenyewe inachubua koo na njia ya hewa ya kuku, ikifungulia mlango maradhi mengine, hivyo anayeona kuku wake wanakohoa na kupiga chafya asikimbilie kulaumu hewa ya msimu.

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Kipindupindu kimetufundisha kuipenda javeli, ile dawa ya klorini, na kwa ndoo za maji na mikono ni jambo jema. Lakini kuimwaga javeli kali kwenye sakafu iliyolowa mkojo wa mbuzi, mlango ukiwa umefungwa, ni kupika gesi. Klorini ya javeli ikikutana na amonia inazaa kloramini, hewa inayokaba kifua na kutoa machozi. Mtu mzima atatoka nje akikohoa. Dende aliye kwenye kona atatokea wapi?

Pua zilizo karibu na sakafu

Watu wengi wanapima usalama wa harufu kwa pua yao wenyewe: mimi nimevuta, sijafa, basi ni salama. Hesabu hiyo inasahau kwamba miili haifanani.

Chukua paka. Ini la binadamu lina kimeng'enya kinachozifunga sumu za namna fulani na kuzitoa kwa mkojo. Kwa paka kazi hiyo inafanyika kwa shida sana. Tangu mwaka 2000 wanasayansi wamejua kwamba moja ya chembe za urithi zinazotengeneza vimeng'enya hivyo kwa paka imeharibika na haifanyi kazi, na utafiti wa baadaye ukaonesha kwamba ukoo mzima uko hivyo, pamoja na simba, chui na duma. Inasemekana ni kwa sababu wamekula nyama vizazi na vizazi, hawakuhitaji kupambana na sumu za mimea. Sababu yoyote iwayo, matokeo yake yako ndani ya nyumba zetu. Kidonge kimoja cha parasetamoli ambacho kwa mtoto wa shule ni nafuu ya homa, kwa paka ni kifo. Mafuta ya mkaratusi, ya karafuu, ya mchaichai, yale yanayosifiwa sokoni kwamba ni ya asili tupu, kwa paka ni mzigo ambao ini lake haliwezi kuutua. Ile dawa nyeusi ya kuua wadudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia maji, krezili, ambayo watu huimwaga kuzunguka nyumba ili nyoka wasikaribie, iko kwenye kundi hilohilo.

Isitoshe, paka anajisafisha kwa ulimi. Marashi yaliyopulizwa hewani hayapotei, yanatua. Yanatua kwenye mkeka, kwenye kiti, kwenye manyoya. Wewe umevuta pumzi chache ukatoka kwenda kuongea na jirani. Yeye atakaa usiku kucha akilamba kilichotua.

Kuku ana habari nyingine. Mapafu ya ndege yana vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, na hewa inapita kwenye mapafu upande mmoja bila kurudi nyuma, hivyo katika kila pumzi ndege anachukua zaidi kuliko sisi. Kwa ajili ya kuruka ni baraka. Ndani ya chumba chenye moshi ni msiba. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua hilo wakalitumia: tangu mwanasayansi John Scott Haldane alipolipendekeza mwishoni mwa karne ya 19, walishuka shimoni na ndege mdogo aitwaye kanari ndani ya kitundu, akianguka wao wanakimbia. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1986, mashine za kupima gesi zilipochukua nafasi yake. Sisi huku tunao kanari saba au wanane kila nyumba, wamepanga mstari juu ya gunia la mpunga, na wakianguka hatukimbii. Tunachinja haraka.

Nisije nikaeleweka vibaya: si kila kuku anayekutwa amekufa asubuhi ameuawa na udi. Kideri bado ndiye muuaji mkubwa wa kuku katika bonde hili, na chanjo yake ina thamani kuliko makala yoyote. Lakini kuku aliyekwisha kuchubuliwa koo na moshi na amonia anakutana na maradhi akiwa ameshindwa nusu. Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi. Walikuwa wanazungumzia bahati mbaya. Siku nyingine bahati mbaya hiyo ina jina, na tumeiwasha wenyewe kwa kiberiti.

Mbuzi anaonekana sugu, na kwa kweli ni sugu. Kuna jambo moja tu ninalotaka mfugaji alikumbuke. Mbuzi aliyezaa anamjua mwanawe kwa harufu, na kujuana huko hufanyika katika saa za mwanzo baada ya kuzaa. Ukimpaka mtoto marashi, ukamfuta kwa kitambaa chenye krezili, au ukapuliza dawa ya kopo juu ya wote wawili kwa sababu inzi wamewajaa, unaweza kumkuta mama asubuhi anampiga mwanawe kwato na kumnyima titi. Watu husema mbuzi huyo ana roho mbaya. Hana roho mbaya. Amenyang'anywa alama ya mtoto wake.

Mnyama anaishi kwa pua kuliko tunavyokubali. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wenye kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya! Kama pua ya panya inaweza kutambua baruti chini ya udongo, mbwa wa nyumbani tunayemfungia kwenye chumba kilichonyunyiziwa pafyumu, halafu tunamtegemea anuse mwizi, tunamtendea haki gani?

Kikulacho ki nguoni mwako

Nikija kwenye naftalini sitabembeleza. Hizi ni zile tembe nyeupe zinazowekwa sandukuni katikati ya vitenge ili mende na nondo wasivile. Harufu yake wengi wetu tunaipenda, maana ni harufu ya nguo za sikukuu, ya harusi, ya mama mkubwa aliyetoka Bujumbura. Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni mwaka 2008. Kwetu zinauzwa kwa rejareja, tembe mbili tatu ndani ya kifuko kisicho na maandishi, karibu na pipi.

Mbwa mdogo anaweza kuitafuna tembe moja akadhani ni kitu cha kula. Chembechembe nyekundu za damu yake zinaanza kuvunjika. Paka hata asipoila, kulala ndani ya sanduku la nguo zilizojaa mvuke huo kunatosha kumletea matatizo. Kuna watu wanaozitupa kwenye pembe za nyumba ili panya wakimbie. Panya hawakimbii, ila paka anaugua, na paka akiondoka panya hutawala. Nani amepata faida?

Na hapa hadithi ya wanyama inageuka kuwa yetu. Katika nchi zenye malaria nyingi kama yetu, watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho kazi yake ni kulinda chembe nyekundu za damu. Wanaishi maisha yao bila kujua. Lakini mtoto mchanga mwenye upungufu huo akifunikwa kitenge kilichotoka moja kwa moja kwenye naftalini, damu yake inaweza kuvunjika kama ya yule mbwa; macho yanakuwa ya manjano, na manjano hiyo ikizidi inafika kwenye ubongo. Mama anampeleka kituo cha afya akiwa amemviringisha katika kitenge kilekile.

Kabla ya kumvisha mtoto au kumtandikia, fua nguo hiyo na uianike juani siku nzima. Afadhali zaidi, acha kabisa kununua tembe hizo. Sanduku linalofunga vizuri na jua la kila mwezi vinatosha kufukuza mende.

Na mbu je?

Haya, mbu. Mashamba ya mpunga kuanzia kwetu mpaka Sange ni maji yaliyotulia, na kila dimbwi linazaa. Anayekuambia uzime dawa ya mbu bila kukupa kitu kingine anataka uzike mtoto. Mimi sisemi hivyo.

Nasema tuangalie tunachokiwasha. Dawa ya kuzunguka ilibuniwa Japani. Umbo lake la mviringo lilifika sokoni mwaka 1902, kutoka kwa Eiichiro Ueyama na mkewe Yuki, kwa kusaga ua la pareto. Ua hilohilo limelimwa nyanda za juu za Kenya, Tanzania, Rwanda na huku Kivu. Kwa kuwa ni ua, watu wanadhani halina ubaya. Baadaye zikaja dawa za viwandani zinazoiga pareto, kama permethrini iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1973, ambazo haziharibiwi upesi na jua. Binadamu na kuku wanazivumilia vizuri. Paka hazivumilii, kwa sababu ya lile ini lake. Samaki hawazivumilii kabisa, na hili wanaofulia vyandarua vyenye dawa kwenye mito inayokwenda ziwani wangelifikiri kidogo.

Kuku anaivumilia pareto, lakini moshi hauvumilii. Na moshi ndio mwingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba kuwasha dawa moja ya mbu ya kuzunguka mpaka iishe kunatoa vumbi laini la moshi linalolingana na la sigara kati ya 75 na 137. Soma tena tarakimu hizo. Baba anayetoka nje kuvuta sigara moja ili asiwaudhi watoto anarudi ndani na kulala kando ya pakiti nne, labda saba, zinazowaka taratibu chini ya kitanda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, hasa wa kupikia, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko la kuni tunalo tayari. Tunaongezea nini juu yake?

Chandarua hakitoi moshi. Dawa yake imeshikamana na nyuzi, na paka anayepita kando yake hadhuriki kama anayepuliziwa kopo usoni. Kinachotakiwa ni kukichomekea chini ya godoro na kumkataza paka asikigeuze bembea. Na kama mtu hana budi kuwasha dawa, basi aiwashe saa kumi na moja jioni, madirisha wazi, wanyama wakiwa bado nje. Moshi ufanye kazi yake, utoke, ndipo watu na mifugo waingie. Dawa ya kopo nayo vivyo hivyo: puliza, funga, subiri, fungua, fagia, kisha ingiza. Asiyeweza kusubiri nusu saa kwa ajili ya paka asubiri kwa ajili ya mtoto anayetambaa, maana pua zao wawili ziko kimo kimoja kutoka sakafuni.

Sumu ya jirani

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye hesabu za mifugo. Paka anayetetemeka, anayetoa mate, anayeyumba kama mlevi kisha akaanguka na kukakamaa, katika mtaa wowote wa hapa ana maelezo mawili tu: ama amelogwa, ama jirani amemwekea sumu. Kuku watatu wakifa usiku mmoja, kesho yake kuna mtu hasalimiwi kisimani. Nimeona uhusiano wa miaka ukivunjika kwa sababu ya paka, na kopo la dawa liko palepale chini ya kitanda, likitazama kesi.

Dalili nilizozitaja ndizo hasa za paka aliyepata dawa za jamii ya pareto kwa wingi. Kabla ya kumtafuta mchawi, jiulize jana jioni ulipuliza nini, na wapi. Mtoe mnyama kwenye hewa safi. Kama dawa imemwagikia manyoya, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, umkaushe na kumfunika asipate baridi. Kisha umtafute mganga wa wanyama, na umpelekee kopo lenyewe alione.

Jambo moja nawaomba akina mama na akina baba waniamini ingawa linakwenda kinyume na tulichofundishwa na wazee wetu kwa nia njema: usimnyweshe maziwa wala mawese. Tumezoea kwamba aliyekula sumu anapewa mawese ili yaiteremshe. Lakini dawa hizi na naftalini zinayeyuka kwenye mafuta. Ukimnywesha mawese unazisaidia kuingia mwilini, na paka aliyekakamaa akinyweshwa kwa nguvu kile kimiminika kinaishia kwenye mapafu. Wapo wanaokufa hivyo mikononi mwa wenye huruma.

Wenye kusema paka hana thamani waende kwenye nyumba isiyo na paka baada ya mavuno. Gunia la mpunga lililotobolewa chini, mahindi yaliyojaa mavi ya panya, mihogo mikavu iliyotafunwa kona zote. Halafu wanakwenda kununua sumu ya panya, kuku anaila, na duara linaanza upya.

Makapi yako nyuma ya mashine

Serikali ingeweza kufanya mengi hapa, na sitapoteza wino kuyaorodhesha. Muuzaji je? Makopo na maboksi tunayonunua yanatoka mbali, maandishi yake ni ya Kifaransa, Kiingereza au Kichina, madogo hata kijana mwenye macho mazima anayasogeza taani. Onyo kuhusu paka na samaki mara nyingi lipo humohumo. Mama anayeuza sokoni hawezi kulisoma, na anayenunua anaona tu picha ya mbu amelala chali. Vijana wa Luvungi wanaosoma Kifaransa shuleni wana kazi hapo ya mchana mmoja: kuisomea meza nzima ya muuzaji kwa Kiswahili na Kifuliiru. Redio za jamii za Uvira zinatangaza vifo, harusi na bei za mchele. Dakika mbili za dawa za nyumbani hazitazifilisi.

Tukirudi kwenye harufu ya mifugo, inamalizwa pale inapotoka. Banda dogo la mianzi lililoegemea ukuta wa jiko, mlango wake ukifunguliwa kwa ndani ya nyumba, linamlinda mbuzi bila kumpa kitanda sebuleni. Fundi wa mtaani analijua. Asiye na nafasi wala mianzi aache matundu mawili juu ya ukuta, moja kila upande, hewa ipite. Na chini ya wanyama atandike makapi ya mpunga, yabadilishwe kila siku ya tatu au ya nne, mkojo ukiwa umenywewa humo kabla haujawa amonia ya kuchoma macho. Majivu ambayo wengi hutumia yanakausha sakafu, lakini yanaifukuza amonia itoke hewani kwa kasi zaidi, hivyo yabaki shambani. Makapi yaliyolowa nayo yaende kwenye migomba. Makapi mapya hayauzwi. Yamerundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuanzia hapa hadi Luberizi, mpaka wenye mashine wanayachoma moto kwa kukosa pa kuyaweka, na ukifika na gunia tupu watakusaidia kujaza.